Somo la Kutojua Kusoma

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani ya darasa la sita sikuiona, ingawa panya walishaitafuna ramani hiyo upande mmoja, na huenda ilikuwa upande huo. Basi msomaji akiona humu jambo linalofanana na la kwao, awalaumu panya. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, jina langu Shekue, nina miaka ishirini na sita kazini na nimechoka. Mtu aliyechoka hana nguvu za kuisingizia serikali.

Nchi yenyewe inaitwa Jamhuri ya Tushukuru, na ndani yake mna Wizara ya Huruma. Kazi ya wizara hiyo ni kupanga kata zote kwa madaraja ya dhiki. Daraja la Tatu ni kata yenye dhiki ya kawaida, ambayo hutakiwa ijikaze. Daraja la Pili ni kata inayotia matumaini, nayo hupewa kalenda. Daraja la Kwanza ni kata ambayo mgeni akishuka kwenye gari husikitika hata kabla hajafunga mlango. Kata yetu ya Kisimatupu ilikuwa Daraja la Kwanza miaka kumi na tisa mfululizo, na tulijivunia jambo hilo kama wenzetu wanavyojivunia timu ya mpira.

Daraja la Kwanza lina faida zake. Pale njia panda tulikuwa na mabango kumi na matatu ya mashirika ya hisani. Kulikuwa na shirika la njaa, shirika la uhamasishaji wa njaa, shirika la viatu, shirika la kuwaratibu hao wengine, na moja ambalo maandishi yake yalifutika kwa jua na hakuna aliyethubutu kuliuliza linahusu nini. Ofisi zao zote zilikuwa mjini, mwendo wa saa tatu kwa gari, kwa sababu Kisimatupu hakuna umeme wa kuwashia kompyuta za kuandikia kwamba Kisimatupu hakuna umeme. Mimi mwenyewe niliwahi kualikwa semina ya njaa, nikala kuku mpaka nikaumwa tumbo. Mbuzi wetu nao walifaidi kivuli cha mabango.

Lakini nisiwe mwizi wa fadhila. Kulikuwa na pampu. Pampu ya maji ilikuwa ya kweli kabisa, na dizeli yake ililetwa kila mwezi kwa sababu ya Daraja la Kwanza. Kabla yake wanawake wa Kisimatupu walikuwa wanatoka alfajiri kwenda mtoni na kurudi saa nne asubuhi na ndoo kichwani. Bibi Mwatima, anayeishi nyuma ya shule na mjukuu wake, aliharibikiwa mgongo kwenye njia hiyo, na sasa anatembea ameinama kama anayetafuta sindano. Naomba msomaji aikumbuke pampu hiyo. Bila pampu, haya yote yangekuwa ya kuchekesha tu.

*

Sasa ilitokea kwamba mwanamke mmoja, Bi Msimu, alikuwa akiuza maandazi kwenye geti la shule. Kila siku ikifika saa tano alikuwa akiwaona watoto wanalala madarasani. Hakuunda kamati. Hakufanya utafiti. Siku moja alikuja na sufuria kubwa ya shughuli za harusi, akainjika makande nyuma ya choo cha walimu, watoto wakala. Kesho yake akaja tena, na mama wengine wawili.

Utaratibu wao ulikuwa wa kizembe sana, naona aibu hata kuueleza. Kila kaya ilileta kopo moja la mahindi kwa wiki. Asiye na mahindi alileta mzigo wa kuni. Asiye na kuni alikuja kuosha masufuria. Asiyeweza lolote kati ya hayo, mtoto wake alikula vilevile, na hakuna aliyemuuliza. Hawakuwa na katiba, mhuri wala bango. Waliitwa Chungu cha Jirani, na jina lenyewe lilitokana na watu kuuliza tu, "Leo chungu kipo kwa jirani gani?"

Watoto walioshiba hawalali, na mtoto asiyelala mchana ni mzigo kwa mwalimu, maana itabidi umfundishe. Nikaanza kubaki nao baada ya masomo, tukisoma chochote kilichopatikana. Tulisoma mifuko ya unga, maboksi ya dawa, magazeti ya kufungia maandazi. Baada ya miaka miwili, darasa la saba lote, watoto thelathini na mmoja, walikuwa wanasoma. Aliyewazidi wote ni Siwema, huyo mjukuu wa Bibi Mwatima. Siwema alikuwa hawezi kupita kwenye maandishi bila kuyasoma kwa sauti. Alimsomea bibi yake kila karatasi iliyoingia nyumbani, kwa sababu bibi hajui hata a, na majirani nao wakawa wanaleta zao. Siku moja aliwapanga wadogo chini ya mabango kumi na matatu, akawasomea yote, kisha akaniuliza kwa adabu hayo mashirika yenyewe yako wapi. Nikamwambia yako njiani.

*

Kila baada ya miaka mitatu hufanyika Upimaji wa Dhiki. Wiki tatu kabla yake alikuja Bwana Ndaro, Mratibu wa Dhiki wa Wilaya, kukagua maandalizi. Ndaro si mtu mbaya. Ana suti moja na watoto sita, na husalimia wazee kwa heshima zote. Alipita madarasani, akatoka ameloa jasho. Akaitisha mkutano wa hadhara mchana uleule.

Alisimama akakohoa. Alisema tathmini ya awali imebaini viashiria vya shibe isiyoratibiwa miongoni mwa wanafunzi. Alisema watoto wamekutwa macho saa tano mchana, hali ambayo haijawahi kuripotiwa Kisimatupu tangu kata ianzishwe. Wengine wamekutwa wakisoma, tena bila kuombwa. Akatuuliza kwa masikitiko kama tunaelewa maana yake. Hatukuelewa, basi akatueleza: tutashushwa hadi Daraja la Tatu, mabango yatang'olewa, na dizeli ya pampu itakoma mwezi huohuo.

Aliposema dizeli, niliwaona wanawake wakitazama mikono yao. Bi Msimu peke yake ndiye aliyeinuka.

"Mheshimiwa," alisema, "sisi tulidhani kazi ni kuwashibisha. Kama kazi ilikuwa nyingine, mngetuambia mapema tusiharibu kuni."

Ndaro alimjibu kwa upole kwamba serikali inathamini sana mchango wa akina mama, na ndiyo maana inawaomba wapumzike. Chungu kikae chini wiki tatu, hadi wapimaji waondoke. Kuhusu kusoma, wapimaji humsikiliza mtoto mmoja tu wa darasa la saba, anayeteuliwa kuwakilisha wenzake. Kilichotakiwa ni kumpata huyo mmoja asiyejua kusoma, na Mwalimu Shekue atasaidia kumtafuta.

Ningeweza kukataa. Naliandika hapa wazi ili isije ikaonekana baadaye kwamba nililisahau. Nilisema, "Sawa, mheshimiwa."

*

Tulimtafuta asiyejua kusoma tukamkosa. Nilipitia watoto wote thelathini na mmoja kwa siku mbili. Wa mwisho kabisa darasani, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa akishika kitabu kama sahani, alinisomea ukurasa mzima kuhusu ufugaji wa nyuki na akanirekebisha nilipokosea kufuatisha. Sijawahi kufanikiwa hivyo katika ualimu wangu, na sijawahi kuogopa hivyo.

Ikabidi mmoja afundishwe kutojua, na hapo ndipo nilipogundua kwamba somo hilo ni gumu kuliko yote. Mtoto anayejua neno akiliona, limeshaingia, huwezi kulitoa. Nilijaribu na watoto wanne. Mmoja alicheka. Mmoja alisoma kwa woga. Mmoja alikosea maneno yote isipokuwa magumu, na ingejulikana mara moja. Wa nne alisoma kitabu kikiwa juu chini, na kwa kweli alisoma vizuri.

Siwema alikuja mwenyewe. Nilimwambia aende zake nyumbani. Hakwenda. Akasema ameyafikiri: pampu ikizimwa, bibi hawezi tena njia ya mtoni, kwa hiyo atakwenda yeye kila asubuhi, na shule ndiyo basi. Afadhali asijue kusoma siku moja kuliko kuacha shule moja kwa moja. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Nilikuwa nimemfundisha mimi.

Nilimpeleka kwa Ndaro nikamuuliza mbele ya mtoto kama jambo hili litamletea madhara. Ndaro akaweka mkono kifuani. Alisema ni igizo dogo tu la siku moja kwa manufaa ya kata, na hakuna kitakachoandikwa popote.

Tukafanya mazoezi wiki mbili. Siwema aliniuliza akiliona neno afanye nini lisisomeke. Nilimwambia asitazame maneno, atazame nafasi nyeupe katikati yake. Alijizoeza mpaka macho yake yakawa yanapita juu ya mstari bila kugusa kitu. Mwanafunzi hodari ni hodari kwa kila jambo unalompa. Chungu kilikuwa kimekaa chini, watoto walikuwa wameanza tena kulala saa tano, na mimi nilikuwa natoka pale kila jioni nikiwa sitaki kumwona mtu.

*

Siku ya Upimaji alikuja Waziri wa Huruma mwenyewe, na wafadhili wanne wenye kofia pana. Walitazamiwa saa tatu asubuhi, wakafika saa nane mchana. Watoto walikuwa wamesimama kwenye mstari muda wote huo, watatu wakaanguka, na wapimaji wakaandika.

Waziri alihutubia. Alisema anajisikia nyumbani kila akija Kisimatupu, ingawa hajawahi kuja. Kisha akawageukia wafadhili kwa fahari.

"Wenzetu wana dhahabu," alisema, "lakini dhahabu ikichimbwa inakwisha. Sisi tuna hawa."

Makofi yalipigwa. Mshereheshaji akamwita Siwema mbele. Alipewa kitabu cha darasa la kwanza, kimefunguliwa kwenye sentensi moja, *Baba analima shamba*. Nilimwona akikishika kwa mikono miwili. Macho yake yakapita kama tulivyofanya mazoezi. Akasema "Ba," akanyamaza. Akajaribu tena, "Ba." Halafu machozi yakamtoka, ambayo hatukuyafanyia mazoezi. Mfadhili mmoja akavua kofia. Waziri alitoa leso akalia mbele ya kamera tatu, tena alilia kweli, nilikuwa karibu naye na ninajua kilio cha uongo.

Na hapo ndipo ilipotolewa karatasi. Sikujua kama kuna karatasi. Kilikuwa Cheti cha Uthibitisho wa Kutojua Kusoma, kimepigwa plastiki, kina namba, kina mhuri, na Waziri alikitia saini palepale juu ya mgongo wa katibu wake. Siwema alikabidhiwa kikiwa juu chini. Akakishika vilevile juu chini mpaka picha zikaisha. Namba ya cheti iliandikwa kwenye daftari kubwa la wizara. Nilimtafuta Ndaro kwa macho, naye alikuwa anatazama viatu vyake.

Kisimatupu ilipandishwa. Likaundwa daraja jipya kwa ajili yetu, Daraja la Kwanza la Juu. Wiki iliyofuata bango la kumi na nne lilisimama njia panda, likiwa na uso wa Siwema wenye machozi na maneno makubwa, NISAIDIE NIJUE KUSOMA. Wadogo walimwomba awasomee hilo nalo. Akawasomea.

Dizeli ililetwa, tena mapipa mawili badala ya moja. Nasema kwa haki, maji yalitoka. Wanawake walikuwa wakimkuta Siwema pale bombani wanamtanguliza mbele ya foleni, na mmoja alimletea kipande cha kanga kipya. Bi Msimu aliinjika tena chungu. Aliambiwa asubiri kibali, akasema atasubiri huku anapika.

*

Mtihani wa taifa ulifanyika mwezi wa tisa. Matokeo yalipokuja, Siwema alikuwa wa kwanza wilaya nzima. Bibi Mwatima hakuelewa wilaya ni kubwa kiasi gani, basi nilimwambia ni watoto elfu nne na mjukuu wake ndiye wa mbele. Alikaa chini polepole kwa ajili ya mgongo wake, akaomba maji, akanywa. Shule ya bweni ya wasichana ilikuwa imetenga nafasi moja kwa wa kwanza wa kila wilaya, kila kitu bure hadi kidato cha sita. Bi Msimu na wenzake walishaanza kukusanya vitu: godoro kwa huyu, ndoo kwa yule, sanduku la bati lililokuwa la marehemu mume wa mtu.

Majina yote ya sekondari hupitishwa kwanza Wizara ya Huruma yakalinganishwe na madaftari. Jina la Siwema halikurudi. Nilisubiri wiki mbili, kisha nikapanda lori la mkaa hadi mjini kwa Ndaro.

Alinipokea vizuri, akanipa kiti na soda. Alikuwa ameshalifungua faili kabla sijakaa. Alinieleza kwamba kuna mgongano wa nyaraka. Mtihani unasema binti anajua kusoma, nao umetiwa saini na mkurugenzi. Cheti kinasema hajui, nacho kimetiwa saini na Waziri. Waziri ni mkubwa kuliko mkurugenzi. Kwa hiyo mtihani una udanganyifu, na inabidi tushukuru kwamba hakushitakiwa.

Nilimkumbusha kwamba alisema hakuna kitakachoandikwa. Alisema na yeye aliambiwa hivyo. Nikamwomba aandike barua fupi tu, mistari mitatu, aeleze ukweli.

"Mwalimu wangu," alisema, na uso wake ulikuwa umechoka kama wangu, "Waziri alilia. Picha zimeshakwenda dunia nzima. Nikiandika kwamba binti anajua kusoma, nitakuwa nimeandika kwamba Waziri alilia bure."

"Basi nitaandika mimi. Mimi ndiye niliyemfundisha kutojua."

Hakukasirika. Aliniuliza tu imebaki miaka mingapi nistaafu. Nikamwambia minne. Akaniuliza kama barua hiyo itasema kwamba mwalimu wa serikali alimdanganya Waziri mbele ya wageni, maana hakuna namna nyingine ya kuiandika. Alisukuma kuelekea kwangu karatasi nyeupe na kalamu, akatoka nje ili nisione haya.

Nilikaa na ile karatasi muda mrefu. Nikanywa soda yake yote. Kisha nikaenda kutafuta lori la kurudi, na karatasi niliiacha mezani ikiwa nyeupe. Sina cha kujitetea.

*

Barua ya wizara ililetwa nyumbani kwa Bibi Mwatima siku ya Jumamosi. Nilikuwa hapo, kwa sababu tangu nirudi kutoka mjini nilikuwa nakwenda kila siku nikiwa na nia ya kusema, na kila siku nilizungumza mambo ya mvua. Bi Msimu alikuwepo pia, ameleta shuka mbili. Bibi Mwatima alikuwa amekaa kwenye mkeka anapukuchua mahindi ya kopo la wiki hiyo. Bahasha ilikuwa ya kahawia, ina mhuri, na bibi alipoona mhuri alijifuta mikono kabla ya kuigusa.

Nilisema nitaisoma mimi. Bibi alikataa, tena kwa kunishangaa. Alisema karatasi za nyumba hii husomwa na Siwema, na hii ni yake zaidi ya zote. Akampa.

Siwema aliifungua bila kuichana. Alisoma akiwa amesimama wima, kwa sauti ya kufika mwisho wa darasa.

"*Kwa kuwa imethibitika pasipo shaka yoyote, kwa mujibu wa cheti kilichotiwa saini na Mheshimiwa Waziri, kwamba mtajwa hapo juu hana uwezo wa kusoma wala kutambua herufi, na kwa kuwa nafasi za sekondari hutolewa kwa wanaojua kusoma tu, Wizara inasikitika kumjulisha mtajwa kwamba jina lake limeondolewa. Mtajwa ameingizwa katika mpango wa kusaidiwa, utakaoanza fedha zitakapopatikana. Tafadhali soma barua hii kwa makini.*"

Hakukwama popote. Kwenye mkato alipumua, kwenye nukta alishusha sauti, na neno *pasipo* ambalo huwasumbua wengi alilipita kama maji. Bi Msimu aliziweka shuka chini. Bibi Mwatima alikuwa bado anatabasamu, kwa kuwa alikuwa amefuata sauti kuliko maneno. Halafu maneno yakaanza kumfikia moja moja, akanigeukia.

"Mwalimu," alisema, "hebu mwangalizie. Amesoma vibaya huyu."

Siwema alininyooshea barua. Niliipokea nikaipitia mstari kwa mstari, taratibu, kama ninavyosahihisha daftari, nikitafuta. Kisha nikamwambia bibi yake kwamba hajakosea hata neno moja.